Namna ya kuusoma ukuta ukiwa safarini

Mimi ni fundi wa maandishi hapa Dodoma: majina ya maduka, picha za saluni, bei za chakula kwa mama ntilie. Nikifika mji wowote, macho huenda ukutani kwanza. Wasafiri wengi hupita michoro mizuri bila kuiona kwa sababu hakuna aliyewaonyesha pa kuanzia.

Anza na muda. Toka jua linapochomoza, au jioni kuanzia saa kumi na moja. Jua likipiga ukuta kwa mshazari, herufi za zamani zilizopakwa rangi juu hujitokeza zenyewe. Saa saba mchana ukuta unang'aa tu, huoni kitu.

Kisha sogea karibu. Rangi ya maji hupauka, rangi ya mafuta hubanduka magamba. Rangi ya kupuliza haina mistari ya brashi na pembeni ina ukungu. Ukungu ukikatika ghafla, mchoraji alizibia kwa karatasi iliyokatwa. Halafu tafuta herufi S. Kila fundi ana S yake. Zunguka soko la Majengo na utaikuta S ileile kwenye duka la dawa, kwenye kibanda cha chipsi, hata nyuma ya bajaji. Ukishaitambua, unaweza kumfuata mji mzima mtu ambaye hujawahi kumwona, na kwangu hakuna raha ya safari inayozidi hiyo.

Ndivyo wakazi wa New York walivyomfuata TAKI 183, kijana mpeleka vifurushi aliyeandika jina lake na namba ya mtaa wake kila alikopita kikazi. Mwaka 1971 New York Times ilimwandika, na vijana wengi wakaiga.

Usibague. Soma na yale yasiyopendeza. X nyekundu inakuambia nyumba imeingia kwenye hifadhi ya barabara. "Nyumba hii haiuzwi" inakuambia kuna ndugu wanagombania mirathi, au tapeli ameshajaribu kuiuza. Hapa kwetu viwanja vimepanda bei tangu serikali ilipoanza kuhamia mwaka 2016, na maneno hayo hayakosi maana.

Mchoro ukikuvutia, agiza chai kwenye kibanda kinachoutazama, salimia vizuri, kisha uliza: kabla ya huu palikuwa na nini? Swali hilo huzaa mengi kuliko kuuliza aliyechora ni nani. Ukiwa Berlin liulize pia. Kipande cha ukuta kiitwacho East Side Gallery, kama kilomita 1.3, kilichorwa mwaka 1990, lakini michoro mingi ilirudiwa mwaka 2009, kwa hiyo brashi unayoiona si ile ya kwanza.

Kupiga picha, omba ruhusa ya mwenye nyumba. Kuta za polisi, jeshi na ofisi za serikali ziache.

Ukiwa Dodoma na una siku nzima, panda basi la Kondoa, uende mpaka Kolo kwenye barabara ya Babati. Michoro ya miambani ya huko iliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Pitia ofisi ya mambo ya kale pale kijijini, upewe mwongozaji, mpande hadi Mungomi wa Kolo. Mwambie akuonyeshe mahali ambapo rangi nyeupe imepita juu ya nyekundu. Nyekundu ndiyo ya kale zaidi: watu wembamba warefu, twiga, pofu. Nyeupe walikuja kuichora watu wa baadaye, juu ya kazi ya waliowatangulia, na mimi fundi nikiangalia pale naona kazi yetu ileile. Usiguse mwamba, na usiumwagie maji ili picha ing'ae. Maji huimaliza rangi. Vaa viatu vinavyoshika, njia ina mawe na mteremko mkali.