Morningside na kurudi siku hiyohiyo: maelekezo ya mama wa vitenge

Sisi watu wa Dar tuna bahari, mlima hatuna. Tukitaka kupanda, tunajidanganya na vilima vya Pugu au ngazi za ghorofa za Kariakoo siku umeme umekatika. Kwa hiyo wanawake wa kikoba chetu cha Buguruni tulipopigia kura hela ya faini za wachelewaji iende wapi, Morogoro iliishinda Bagamoyo kwa kura mbili. Moro, mji kasoro bahari. Tukasema tukawaonyeshe bahari ilivyo, na wao watuonyeshe mlima.

Nina miaka 54, nauza vitenge, goti langu la kushoto lina mambo yake. Morningside nimeshapanda mara tatu. Mara ya kwanza niliharibu karibu kila kitu, ya pili nikasahihisha nusu, ya tatu nikapeleka wenzangu saba na wote wakarudi wanacheka. Haya ni maelekezo ya ile safari ya tatu, pamoja na makosa ya ile ya kwanza.

Morningside ni nyumba ya zamani ya enzi za Mjerumani, imekaa begani mwa milima ya Uluguru, juu kabisa ya mji wa Morogoro. Mjerumani alitimuliwa Moro Agosti 1916, nyumba ikabaki na jina la Kiingereza, sijui nani alimbatiza nani. Ila elewa kwamba pale si kileleni. Juu yake kuna Bondwa, kile kilele chenye minara ya mawasiliano kinachopita mita 2,000. Mtu akikwambia "tuunganishe tu mpaka Bondwa," mwambie ahsante, siku nyingine. Bondwa inataka siku nzima, Morningside inataka asubuhi tu.

Na neno asubuhi nalisema kwa makusudi. Mara ya kwanza nilikwenda kwa basi. Wakala mmoja wa safari hapa mjini alituchukulia hela, akatuambia tukutane saa 1 asubuhi, gari likaondoka saa 3. Kilomita kama 190 tu, lakini foleni ya Kibaha na malori ya Chalinze unayajua. Tulianza kupanda jua la saa 7 mchana likiwa utosini, tukafika juu saa 10. Tulikuta nini? Ukungu. Mji wote umefunikwa shuka jeupe, nikapiga picha ukuta na mwenzangu anayetetemeka. Kushuka tulishukia tochi za simu. Mlima ule asubuhi unakaribisha, mchana unavuta mawingu kama mtu anayevuta shuka, na katika masika na vuli huvuta na mvua. Panga kila kitu ili saa 3 asubuhi mguu wako uwe tayari kwenye njia, na kama una uhuru wa kuchagua mwezi, chagua kati ya Juni na Septemba.

Hilo siku hizi linawezekana kwa sababu ya treni ya umeme. Reli ya kwanza ya Mjerumani ilifika Morogoro 1907. Hii ya sasa, SGR, ilianza kubeba abiria Juni 2024, na nauli ya kawaida ya Dar mpaka Moro ilitangazwa kuwa shilingi 13,000. Panda treni ya kwanza ya alfajiri na ukate tiketi siku kadhaa kabla, hasa ya Jumamosi. Kata pia ya kurudi palepale, ya jioni, usiiache mpaka ufike huko. Kitambulisho unachokatia tiketi ndicho utakachobeba. Na uwahi stesheni. Pale kuna ukaguzi wa mizigo kama uwanja wa ndege, na geti likifungwa limefungwa. Mwenzetu mmoja, mweka hazina, yeye anayetutoza faini za uchelewaji, alifika tukiwa tumeshaketi. Alituaga kwa WhatsApp. Faini yake tuliila kwa chai.

Mkiwa kwenye treni, mkipita mto Ruvu, chungulia dirishani. Utaona maji ya rangi ya chai ya maziwa. Yakumbuke, tutakutana nayo mbele.

Sasa kiongozi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo safari inapopona au kufa. Usishuke stesheni ukachukua kijana wa kwanza atakayekwambia "mama, mlima naujua." Kuujua mlima na kujua kupandisha watu ni vitu viwili. Moro kuna vikundi vya utalii wa kitamaduni, na kuna vijana waliozaliwa vijiji vya hukohuko mlimani. Mpigie mmoja wiki moja kabla, umsikilize anavyojibu. Mimi huuliza kwanza, "Mwanangu, kwenu ni wapi hasa?" Akitaja kijiji cha juu, nyumba ya shangazi yake, mto wanakochota maji, naendelea. Kisha namuuliza bei yake imebeba nini: ni ujira wake tu, au na ushuru wa kijiji umo? Je, tutagusa msitu wa hifadhi? Kwa sababu Uluguru ni hifadhi ya mazingira asilia, iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na ada yake hulipwa kwa kontroo namba, ukapewa stakabadhi. Kiongozi wa kweli atakueleza hayo bila kuhema. Anayesema "usijali mama, mimi nitayamaliza kule kule," huyo mwache ayamalize na mwingine. Mtanzania halipi sawa na mgeni wa nje, kwa hiyo kitambulisho kiwe mfukoni.

Kijana wetu wa mara ya tatu tulikubaliana naye shilingi 60,000 kwa kundi zima. Nusu tulimtumia kwa simu, nusu tukampa mkononi tuliposhuka, na kidogo juu yake, kwa sababu alimbebea Mama Asha begi kutoka katikati ya mlima bila kuombwa.

Stesheni ya treni iko Kihonda, mjini panataka bajaji. Mwambie kiongozi aagize mbili tatu zinazofahamika kwake, ziwapeleke moja kwa moja mpaka upande wa Bomani, juu ya zile nyumba za zamani za serikali, lami inapoanza kuchoka. Msiingie sokoni "mara moja tu." Nawajua wanawake wenzangu, na mimi mwenyewe najijua. Mara moja tu ya sokoni ni saa nzima. Mtaingia mkirudi. Choo, malizeni mjini. Njiani utakuwa wewe na migomba.

Vaa raba zenye meno. Mara ya kwanza nilivaa kobazi, nikashuka mguu mmoja peku. Udongo wa kule ni mwekundu wa mfinyanzi, ukilowa hata umande tu unageuka sabuni. Beba sweta au kitenge kizito, maji lita moja na nusu kwa kila mtu, chapati na mayai ya kuchemsha, hela za chenji. Na ukate kucha za miguu siku moja kabla. Utanishukuru wakati wa kushuka, vidole vinapogonga mbele ya kiatu kila hatua.

Njia inaanza kwa upole, ukiwa na mto Morogoro unausikia pembeni kuliko kuuona, halafu inakaza. Wengi hukosea hapahapa: mwenye nguvu anatangulia, wanyonge wanamfukuzia, kila wakimfikia yeye ameshapumzika, anaondoka tena. Kijana wetu alitupanga kinyume. Mama Asha, mzito kuliko sote na mwenye pumu, ndiye aliyewekwa mbele, na sote tukafuata mwendo wake. Kiongozi mwenyewe akakaa nyuma kabisa. Nikamuuliza kwa nini, akasema, "Anayepotea ni wa mwisho, mama, si wa kwanza." Hatukupumzika sana, kwa sababu hatukuchoka sana. Kipimo chetu cha mwendo kilikuwa umbea: ukiona umeshindwa kumalizia habari ya jirani kwa kukosa pumzi, unakwenda mbio, punguza. Tulitumia kama saa mbili na nusu kufika, na habari za Buguruni zote tukazimaliza.

Mtapitwa. Mtapitwa na bibi wa miaka 70 aliyejitwisha tenga la karoti, na binti aliyebeba mtoto mgongoni na kabichi kichwani. Hao ndio wenye njia. Ukikutana na mwenye mzigo, wewe ndiye unayepisha, na upishe upande wa mlima. Ukipisha upande wa bonde ukateleza, mwenye mzigo ataacha kabichi akufuate, mtaharibu vyote viwili. Salimia. Shikamoo inafanya kazi kule kuliko hapa mjini. Picha za watu na mashamba yao, omba kwanza.

Mashamba yenyewe yamepangwa ngazi ngazi kwenye miteremko ambayo mimi hata kusimama naogopa. Maharage, migomba, mboga za baridi, na stroberi, ndiyo, zile zile za kwenye keki.

Kwenye kijito kimoja kijana alitusimamisha. Maji meupe pee, baridi ya kuuma meno. Akasema, "Haya ndiyo mnayokunywa nyinyi Dar." Tukacheka, tukadhani utani. Lakini ndivyo: mito ya Uluguru hujaza Ruvu, na mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini ndiyo inayosukuma maji mabombani kwetu. Mama Asha akaangalia yale maji, akakumbuka ya bomba lake, akauliza, "Sasa kati ya hapa na kwangu yanapatwa na nini?" Kijana akaonyesha mteremko wa pili, uliofyekwa mpaka juu, udongo wazi kama kidonda. Hakuongeza neno.

Kwangu mimi pale palikuwa na jingine. Bibi yangu alikuwa Mzaramo wa Maneromango, na wazee wa Kizaramo husimulia kwamba asili yetu tulitelemka kutoka Uluguru hukohuko. Mvua ikikataa, zamani watu walitoka pwani wakaenda kwa miguu mpaka kwa Kolelo, mzimu wa pangoni upande mwingine wa milima hii, kuomba. Bibi alilitaja jina hilo kwa sauti ya chini. Nilipomwambia kiongozi, naye akashusha sauti. Hapo niliacha kumuita "kiongozi," nikaanza kumuita mjukuu. Kwa hiyo ukipanda, kama una bibi wa aina hiyo, muulize kabla hujaondoka. Utapanda na kitu cha kuongea.

Ukifika juu, vaa sweta kwanza kabla ya kupiga picha. Jasho likikutana na upepo ule, kesho utakohoa. Nyumba ina kuta nene za kizamani, pana uwanda wa kukaa, na siku ya anga safi mji wote umetandazwa chini yako kama kitenge juu ya meza, nyumba ni nakshi tu. Muombe kiongozi akuonyeshe kimoja kimoja: reli iko wapi, mlima wa Nguru ya Ndege uko wapi. Kaeni dakika 40 mle chapati, ganda la yai lirudi kwenye mfuko, chupa zirudi Dar. Ukiona wingu limeanza kushuka kutoka upande wa Bondwa, simama, usingoje kiongozi aseme.

Kushuka ndiko kunakoumiza, si kupanda. Tafuta fimbo, mjukuu atakukatia kijiti kikavu. Itangulize fimbo, kisha mguu, na palipo na mwinuko mkali shuka ubavu ubavu kama kaa wa Feri. Usishike jani usilolijua. Mwenye goti kama langu afunge bandeji ya mpira mapema, kabla halijaanza kuuma. Mzito bado yuko mbele. Saa 8 mchana mtakuwa chini, miguu inatetemeka kidogo, na wali wa mjini utakuwa mtamu kuliko unavyostahili.

Sokoni sasa ruksa. Ila stroberi nunua mlimani, kwa wakulima wenyewe, mkiwa mnashuka, na uwe umebeba chombo kigumu chenye mfuniko. Mimi hubeba kindoo cha mafuta ya kupikia nilichokiosha, natandika kitambaa chini na kati. Mara ya pili nilizitia kwenye mfuko wa khanga, nikafika Buguruni na juisi.

Kwenye treni ya kurudi kaa upande wa kulia wa mwendo, dirishani. Milima itakuwa upande wako mpaka mbali, na jua likiwa bado lipo utaweza kuitafuta ile nyumba kwa macho. Sisi tuliitafuta wote wanane, kila mtu akaonyesha mahali pake, tukabishana mpaka Ngerengere.