Namna ya kuunda tabia ya flapu za ndege nyepesi katika simuleta

Katika modeli nyingi za ndege nyepesi zinazotengenezwa na wapenzi wa simuleta, rubani akishusha flapu, yaani vibao vya ukingo wa nyuma wa bawa vinavyoweza kukunjwa kuelekea chini, ndege huruka juu kama iliyosukumwa kutoka chini, kisha huendelea na safari yake kana kwamba hakuna lililobadilika isipokuwa namba moja. Kasoro hiyo haitokani na uvivu. Inatokana na dhana kwamba flapu ni chombo cha kuongeza nguvu ya kuinua tu, ilhali kwa kweli flapu hubadilisha umbo la bawa zima, na bawa likibadilika umbo, ukinzani wa hewa, mkao wa pua na hata hewa inayoufikia mkia hubadilika pamoja nalo. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuyapata mabadiliko hayo kwa hesabu. Nitatumia injini ya urukaji ya JSBSim, ambayo ndiyo inayoendesha ndege nyingi za simuleta ya FlightGear, na ndege ya mfano itakuwa Cessna 172S, kwa sababu takwimu zake zinafahamika sana.

Anza na mwendo wa stoli

Stoli ni ile hali ya bawa kuelekezwa juu mno dhidi ya mkondo wa hewa hadi hewa inabanduka mgongoni mwake na nguvu ya kuinua inaporomoka. Mwendo ambao ndege hufikia stoli umeandikwa katika kitabu cha rubani, na hicho ndicho kipimo cha kuaminika zaidi utakachokipata bila kuwa na handaki la upepo. Kwa 172S yenye uzito wa juu kabisa wa kilo 1,157, kitabu kinatoa noti 53 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa) flapu zikiwa juu na noti 48 zikiwa zimeshushwa zote, injini ikiwa imepunguzwa hadi mwisho.

Bawa lina eneo la mita za mraba 16.2. Noti 53 ni sawa na mita 27.3 kwa sekunde, kwa hiyo shinikizo la mwendo kwenye usawa wa bahari, yaani nusu ya msongamano wa hewa wa 1.225 mara mwendo uliozidishwa kwa wenyewe, ni takriban paskali 455. Gawanya uzito wa ndege, ambao ni nyutoni 11,350, kwa zao la shinikizo hilo na eneo la bawa, nawe utapata kizigeu cha juu cha kuinua, yaani namba inayoonyesha uwezo wa bawa kuinua bila kujali mwendo na ukubwa wake, cha 1.54. Rudia hesabu kwa noti 48 na kizigeu kinapanda hadi 1.88. Tofauti ya 0.34 ndiyo zawadi yote ambayo flapu za nyuzi 30 zinaipa ndege hii kwenye ukingo wa stoli.

Hapa pana mtego ulioninasa mguu mimi mwenyewe. Kitabu hichohicho kina safu nyingine inayotaja noti 40 kwa flapu zote, na macho huvutwa na namba hiyo kwa sababu ndiyo inayosomeka kwenye kipimamwendo. Lakini pua ikiwa juu kiasi kile, mrija unaopokea upepo na tundu la shinikizo tuli havipati hewa iliyonyooka, na kipimamwendo husoma pungufu. Ukiingiza noti 40 kwenye hesabu ya juu utapata kizigeu cha 2.7, kiasi ambacho flapu za kawaida zinazochukua takriban nusu ya urefu wa bawa haziwezi kukifikia. Tumia mwendo uliosahihishwa (kama zile noti 53 na 48) siku zote, na ukitaka kipimamwendo chako kidanganye kama cha ndege halisi, weka kosa hilo kwenye kifaa chenyewe, si kwenye bawa.

Kutoka namba moja hadi mkunjo

Kosa linalofuata ni kuichukua ile 0.34 na kuiongeza kwenye mkunjo mzima wa kuinua, yaani mchoro wa kizigeu cha kuinua dhidi ya pembe ya bawa, katika kila pembe. Pembe kati ya bawa na mkondo wa hewa nitaiita alfa, kama inavyoitwa ndani ya JSBSim. Flapu zikishuka, mkunjo wote husogea juu, lakini kilele chake pia husogea kushoto: bawa hufikia stoli kwenye alfa ndogo zaidi. Maana yake ni kwamba ongezeko katika mruko wa kawaida ni kubwa kuliko ongezeko kwenye kilele.

Ukubwa wake unakadirika. Nadharia ya bawa jembamba inasema kwamba flapu yenye upana wa robo ya upana wa bawa (kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma) ina ufanisi wa takriban 0.61, yaani kuishusha nyuzi 10 ni sawa na kuliinua bawa zima nyuzi 6.1. Zidisha kwa mteremko wa mkunjo wa kuinua, ambao kwa bawa la aina hii ni karibu 4.8 kwa kila radiani, kisha kwa sehemu ya bawa yenye flapu, tuseme nusu. Kwa nyuzi 10 utapata takriban 0.25, na ukikata moja ya tano kwa ajili ya msuguano wa hewa, unabaki na 0.20. Kwa nyuzi 30 nadharia hiyo inatoa 0.77, lakini hapo hewa inaanza kubanduka kwenye flapu yenyewe, hivyo ninapunguza hadi 0.48. Ikiwa ongezeko la kawaida ni 0.48 na la kileleni ni 0.34, tofauti ya 0.14 ikigawanywa kwa 4.8 inatoa radiani 0.03, au nyuzi 1.7 hivi. Hicho ndicho kiasi ambacho stoli inapaswa kusogea.

Kwa hiyo usitumie jedwali la safu moja linalotegemea flapu pekee. Tengeneza jedwali la pande mbili, mistari ikifuata aero/alpha-rad (alfa) na safu zikifuata fcs/flap-pos-deg (pembe ya flapu). Makadirio yangu kwa flapu 0 na flapu 30 ni haya: kwenye nyuzi 0 za alfa, 0.30 na 0.78, kwenye nyuzi 8, 0.97 na 1.45, kwenye nyuzi 14, 1.44 na 1.87, kwenye nyuzi 16, 1.54 na 1.80. Tazama jinsi pengo linavyoanza na 0.48 na kuishia 0.26, huku safu ya pili ikiwa imeshaanza kushuka wakati ya kwanza bado inapanda. Jedwali hilo lizidishwe kwa aero/qbar-psf (shinikizo la mwendo) na metrics/Sw-sqft (eneo la bawa) ili kuwa nguvu. Kumbuka kwamba alfa hapo ni radiani. Aliyeandika 16 badala ya 0.279 atapata ndege isiyopata stoli kamwe, na JSBSim haitalalamika.

Ukinzani wa hewa

Nyuzi 10 za mwanzo huongeza zaidi nguvu ya kuinua. Nyuzi 10 za mwisho huongeza zaidi ukinzani. Jedwali ambalo ukinzani wake unapanda kwa mstari ulionyooka litampa rubani ndege inayokataa kushuka wakati wa kutua. Namna nzuri ya kupata kiasi ni kupima mteremko. Tuseme unajua kwamba ndege, ikiwa na flapu zote kwenye noti 65 na injini ikiwa chini, inashuka futi 1,000 kwa dakika, sawa na mita 5.08 kwa sekunde. Gawanya kwa mwendo wa mita 33.4 na utapata 0.152, ambayo ndiyo sehemu ya uzito inayobebwa na ukinzani. Zidisha kwa kizigeu cha kuinua cha mwendo huo, takriban 1.02, na kizigeu cha ukinzani kinakuwa 0.155. Toa 0.03 ya ndege ambayo flapu zake ziko juu, toa 0.058 inayotokana na kuinua kwenyewe, na inabaki takriban 0.067.

Usiitwishe flapu yote hiyo. Propela inayozunguka bila nguvu nayo huvuta nyuma, na ikiwa modeli ya propela yako haifanyi hivyo, irekebishe kwanza. Halikadhalika, ikiwa ukinzani unaotokana na kuinua tayari unahesabiwa kupitia aero/cl-squared (kizigeu cha kuinua kilichozidishwa kwa chenyewe), utakua wenyewe flapu zikishuka, na ukiuongeza tena utakuwa umeuhesabu mara mbili.

Pua na mkia

Sehemu hii ndiyo inayotenganisha modeli iliyofikiriwa na iliyokisiwa. Flapu peke yake husogeza kitovu cha kuinua nyuma na kuishusha pua. Hata hivyo, rubani yeyote wa 172 atakuambia kwamba pua hupanda, na ni lazima asukume usukani mbele. Sababu ni mkia: bawa linaloinua zaidi hutupa hewa nyingi zaidi chini, hewa hiyo hupiga mkia kutoka juu, na mkia ukishuka pua huinuka. Katika ndege yenye mkia wa mlalo uliowekwa kileleni mwa bawa la wima la nyuma, sehemu kubwa ya mkondo huo hupita chini yake, na athari huwa ndogo. Basi kabla ya kuchagua alama ya kujumlisha au kutoa kwenye mhimili wa PITCH (wa kuinua na kushusha pua), tazama mkia uko wapi.

Karibu na ardhi mkondo huo hudhoofika, na pua inataka kushuka rubani anapokaribia kugusa. Punguza athari ya mkia kwa kutumia aero/h_b-mac-ft, ambayo ni kimo kikilinganishwa na urefu wa mabawa.

Majaribio

Flapu zisihame papo hapo. Mota ya umeme huchukua sekunde kadhaa, kwa hiyo weka muda kwa kila hatua katika sehemu ya kinematic, ile ya JSBSim inayosogeza kifaa polepole. Kisha ruka noti 80 ndege ikiwa imetulia kwa trimu (kirekebishi kinachoiwezesha kuruka bila kushikwa usukani), shusha nyuzi 10 na uachie usukani: pua ipande, kimo kiongezeke kidogo, mwendo upungue, halafu ndege itulie. Jaribu stoli kwenye kila hatua na ulinganishe na kitabu kwa mwendo uliosahihishwa. Mwisho, ukiwa kwenye noti 55 na flapu zote, ongeza nguvu hadi mwisho na upandishe flapu zote kwa mkupuo bila kugusa usukani. Ndege iliyoundwa sawasawa itazama kwanza, hata injini ikinguruma, na ikiwa yako inapanda moja kwa moja, rudi kwenye jedwali la kuinua.