Jinsi ya kuishi na rosta ukiwa rubani Arusha, na bado ukabaki na ndugu

Ntaanza na kitu ambacho mimi nlikuja kukielewa nikiwa na mwaka wa tatu kazini: rosta, yani ratiba ya nani anaruka lini, ikishatoka, ushachelewa. Ukiona jina lako limekaa tarehe 24 Desemba, Arusha, Seronera, Kogatende (viwanja vya huko Serengeti), kurudi Arusha, hapo hamna cha kubembeleza mtu, unapiga pasi shati jeupe unaenda. Kwaiyo karibu kila ntachoandika hapa ni cha siku za kabla ya rosta.

Mimi ni mtoto wa Marangu, narusha Caravan, ndege ndogo ya kubeba watalii, kutoka uwanja wa Kisongo, nimeolewa, nina mtoto mmoja, na nimekosa Krismasi nne. Krismasi nimeitaja makusudi. Mchaga asipopanda mlimani kwao Desemba anaulizwa maswali mpaka Pasaka.

Sasa chukua kalenda ya ukutani, ile ya benki au ya parokia, yoyote, na kalamu mbili. Ya kwanza weka alama wageni wanapojaa: Juni mpaka Oktoba kiangazi, humo katikati nyumbu wanavuka Mto Mara upande wa Kogatende, halafu wiki za sikukuu mwisho wa mwaka, halafu Januari hadi Machi nyumbu wanazaa kule Ndutu. Kalamu ya pili weka mambo ya ukoo: harusi, send-off, kipaimara, ubatizo, likizo za shule za Juni na Desemba. Utaona mwenyewe, alama zimepandana. Yani watalii na ndugu zako wanagombania siku zile zile na mtalii ndo kalipa.

Kilichobaki ni masika, Aprili na Mei, kambi nyingine zinafunga na ndege zinapungua. Mambo yako hamishia huko. Mwanangu tulimbatiza Mei, mvua ikapiga, turubai likavuja juu ya meza ya keki, shangazi yangu mpaka leo ananisema, lakini nlikuepo. Na likizo yako ya mwaka, sheria ya kazi inakupa siku 28, usiile yote masika kwa uvivu, gawanya, omba hata siku 4 za Desemba, na ombi lenyewe lipeleke mwezi wa pili au wa tatu, kwa maandishi, wakati wenzako wote bado hawajakumbuka kama kuna Desemba.

Af kuna hili la kuahidi, hapa ndo mimi nliumia. Baba alikua na misa ya shukrani tarehe 26, ametimiza miaka 70. Nlishabadilishana siku na mwenzangu, nikamwambia mzee "ntakuja". Usiku wa tarehe 25 mwenzangu kashikwa na malaria, simu ikaja kwangu, na mimi ndo nlikua standibai, yani wa kuitwa mtu akikosekana. Asubuhi nlichukua wageni KIA, uwanja wa Kilimanjaro, upepo ulikua unatoka mashariki, kwaiyo unaruka kuelekea huko huko nyumbani, mlima wote umekaa mbele kushoto, mweupe juu, nikajua saivi wanapanga viti uwanjani, nikapinda nikaupa mgongo.

Mzee hakunisemesha mpaka Februari. Nlirudi na mama mkubwa ametangulia kuniombea, mkononi nna jani la isale, maana kwetu hilo ndo unaomba nalo msamaha, maneno matupu hayatoshi. Alilipokea, akaliangalia, akaliweka juu ya kabati la vyombo, akasema "keti ule". Tangu siku hiyo neno "ntakuja" nimelifuta. Nasema hivi: "Baba, nimeomba ofu, rosta inatoka tarehe 25, ntakupigia siku hiyo hiyo nikupe jibu." Na ukiwa standibai usiahidi kitu chochote, hata kupeleka mtu stendi. Watu wanavumilia "sijui bado" kuliko unavyodhani, wasichovumilia ni kiti chako kukaa kitupu mbele ya padri.

Siku ya kazi yenyewe niseme haraka maana wengi wanaona picha tu. Naamka saa kumi alfajiri, saa kumi na moja na nusu nipo Kisongo. Sekta (kuruka na kutua) sita, saba kwa siku, peke yako mbele, mabegi unapanga mwenyewe (kilo 15 kila mgeni, na kila siku yupo mmoja kaja na sanduku la magurudumu), kwenye viwanja vya vumbi unapita kwanza chini chini kufukuza pundamilia ndo urudi utue. Kuanzia saa sita mchana hewa ya moto inarusha ndege kama daladala ya Ngaramtoni. Uzuri ni kwamba vile viwanja vya porini havina taa, jua likizama kazi imeisha, usiku mwingi nalala kwangu.

Na hili la kulala kwako lifikirie kabla hujakimbilia ndege kubwa. Vijana wengi wanaona Caravan ni ngazi tu, wanakusanya masaa 1,500 ya leseni ya juu waondoke. Sawa, hela ipo. Ila mashirika makubwa ya hapa nyumbani makao yao ni Dar, kwaiyo ama familia inahama, ama wewe unakua mgeni kwako Arusha. Nna rafiki kahamia huko, mwanae wa miaka minne alimuuliza "unalala kwetu leo?" Mimi nlipiga hesabu nikabaki. Sio ushujaa, mume wangu ana kazi yake Njiro na sitaki kumlipia mtu kodi ya nyumba mbili.

Nikifika nyumbani masikio bado yanavuma, mtoto anaongea mimi nasikia injini. Zamani nlikua namkaripia. Saivi tumekubaliana: nikiingia, nusu saa ya kwanza naoga na nakaa nyuma kwenye ngazi ya jikoni na chai, hamna swali la ada wala la maji. Baada ya hapo simu naizima, mpaka alale mtoto ni zamu yake. Mume wangu anapika, majirani wa Sakina walisema mpaka wakachoka. Na mtoto akiumwa ukakesha, piga simu ofisini useme hujalala. Peke yako mbele ukisinzia hamna wa kukugusa bega, huko nyuma wanapiga picha twiga.

Sasa dada zangu, hii sehemu hakuna aliyeniambia. Kwa viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, mimba isiyo na shida unaweza kurusha kuanzia mwisho wa wiki ya 12 mpaka mwisho wa wiki ya 26, tena daktari wako wa medikali, yani wa vipimo vya afya ya rubani, akikubali. Mimi nlijua nikiwa wiki ya 6. Piga hesabu: wiki 6 za kusubiri, nikaruka 14, nikakaa chini tena 14, halafu likizo ya uzazi siku 84 nlianzia kujifungua, hizo ni wiki 12. Jumla wiki 32 bila kugusa ndege. Mshahara wa msingi ulikuepo, posho ya masaa ya kuruka hamna, na kwetu posho ndo ilikua inalipa kodi. Kwaiyo kama mnapanga mtoto, wekeni posho ya msimu mmoja mzima pembeni kabla, na zungumza na ofisi mapema wakupe kazi ya mezani, mimi nlikua nakagua makaratasi ya uzito na mizania ya ndege. Ukirudi, bila kuruka na kutua mara 3 ndani ya siku 90 hubebi abiria, kwaiyo lazima upangiwe ndege na mwalimu kwanza, usingoje wakukumbuke. Mume naye sheria inampa siku 3 tu, mwombe mama aje, nauli ya Marangu mpaka Arusha haifiki bei ya dada wa kazi wa wiki moja.

Medikali yenyewe ni kila miezi 12, ukifika miaka 40 na unabeba abiria peke yako inakua kila miezi 6. Nasema hivi kwa sababu presha na kisukari haviangalii kama una mkopo wa shule. Nyama choma ya kila ofu itakuja kukuuliza.

Na mbege, pombe yetu ya ndizi. Shughuli za nyumbani kata inazunguka, ikikufikia ukakataa unaonekana unaringa umekua mzungu. Mimi nikiwa na ndege kesho yake naipokea kwa mikono miwili, nashukuru, nampitishia anayefuata, na nimeshamwambia bibi mapema kwamba kesho nna safari. Bibi ndo ananitetea, anasema kwa sauti, "mwacheni huyo, kesho anabeba watu". Kabakiza kidumu chake uvunguni, anasema ni cha siku nikiwa na ofu. Mara ya mwisho nlikikuta kimeshachacha, tukacheka, tukakimwaga mgombani.