Kadi ya mkono yenye mandharinyuma ya wino: anza na karatasi ya pembeni

Usimwage wino juu ya kadi yenyewe. Karatasi iliyokunjwa ikilowa hujikunja upande mmoja, mkunjo unavimba, na kadi haitasimama mezani. Tengeneza mandharinyuma kwenye karatasi ya pembeni, kubwa kuliko unavyohitaji, halafu ukate sehemu iliyopendeza na kuibandika. Kwa njia hii karatasi moja hukutolea kadi kadhaa za Idi au za harusi, na hakuna mbili zinazofanana.

Vifaa. Manila nyeupe ya kadi. Karatasi nzito ya rangi za maji (ya gramu 300 kwa mita ya mraba ndiyo bora). Wino wa chupa wa kujazia kalamu. Brashi pana, mshumaa mweupe, chumvi ya mawe, selotepu ya karatasi, rula, wembe na gundi ya kijiti.

Hatua ya 1: Kata kadi. Gawa manila ya A4 katikati upate vipande viwili vya milimita 148 kwa 210. Kila kimoja ukikikunja kinakuwa kadi ya 105 kwa 148, inayoingia vizuri kwenye bahasha ya C6. Kabla ya kukunja, pitisha ncha ya kalamu iliyoisha wino kwenye mstari wa kukunja, ukiifuata rula. Mkunjo utakuwa safi.

Hatua ya 2: Chora kwa mshumaa. Bana karatasi nzito kwenye ubao kwa selotepu pande zote nne, kisha kandamiza mshumaa na uchore mawimbi, majani au nukta. Huoni kitu kwa sasa. Wino hautashika penye nta, na michoro itabaki myeupe.

Hatua ya 3: Maji kwanza, wino baadaye. Lowesha karatasi kwa brashi mpaka ing'ae bila kutuamisha maji. Dondosha wino, inua ubao, uache rangi itembee. Hapa ndipo mkono unapotaka kuharakisha na kusugua, uzuie. Maji hufanya kazi nzuri kuliko brashi. Napenda sana wino mweusi, kwa sababu mara nyingi umechanganywa rangi kadhaa, na ukikutana na maji huachana: pembeni panatokea buluu, zambarau, pengine hata wekundu. Ukitumia rangi mbili, chagua zinazopatana, kama buluu na kijani. Buluu na chungwa zikichanganyika zinaishia kuwa rangi ya tope.

Hatua ya 4: Chumvi. Subiri mng'ao uanze kufifia, ndipo unyunyize. Ukiwahi, chumvi inayeyuka tu. Ukichelewa, haifanyi kitu. Kila punje huvuta maji na wino kuizunguka na kuacha alama kama nyota. Chumvi laini hutoa vidoa vidogo. Usikaushe kwa feni wala jua kali, iache ikauke taratibu, kisha pangusa chumvi yote kwa kitambaa kikavu.

Hatua ya 5: Chagua sehemu. Kwenye karatasi yoyote toboa dirisha la milimita 95 kwa 138, ulisogeze juu ya mandharinyuma. Utashangaa jinsi kona uliyoidharau inavyopendeza ikitengwa peke yake. Weka alama za penseli, kata kwa wembe, paka gundi mpaka kingoni na ubandike katikati ya kadi. Ukingo mweupe wa milimita 5 utabaki kila upande. Weka chini ya vitabu vizito usiku kucha.

Hatua ya 6: Maandishi. Kwa “Idi Mubarak” au majina ya maharusi, tumia kalamu ya wino usioyeyuka kwenye maji, na uepuke penye nta kwani kalamu itateleza. Wino wa kujazia kalamu hupauka kwenye mwanga, hivyo kadi ambazo hujazituma zitunze ndani ya bahasha, mbali na dirisha.