Kuunganisha jiko la kuni na dohani kwenye nyumba ya mabati

Kwenye jiko la chuma la kuni, lile linalopikia na kupasha nyumba joto kule Makete au Limuru, pa kuogopa zaidi ni pale bomba linapopita jirani na mbao.

1. Pima shingo ya jiko. Ikiwa inchi 6, bomba lote liwe inchi 6 hadi kwenye kofia. Ukilibana liwe inchi 4, moshi utarudi ndani kila ukifungua mlango wa jiko.

2. Vipande vilivyo karibu na jiko viwe vya chuma cheusi. Zinki ya bati huyeyuka kwenye nyuzi 420 za Selsiasi, na ikiungua moshi wake una sumu.

3. Kipande cha juu kiingie ndani ya cha chini. Wengi hugeuza wakihofia moshi kuvuja. Bomba linalovuta vizuri halivujishi moshi. Kinachovuja ni utomvu mweusi unaoteremka, nao hushika moto. Kila kiungo kipate skrubu tatu. Silikoni usiipake hapo, itaungua.

4. Bomba la tabaka moja likae sentimita 45 kutoka kwenye papi (mbao zinazopigiliwa mabati), kenchi na dari. Hapa ndipo hesabu huwaponyoka mafundi. Papi zikiachana mita moja, bomba la inchi 6 katikati yake hubakiwa na kama sentimita 42 kila upande. Haitoshi. Kata papi, kisha funga mbao za pembeni zibebe ncha zilizokatwa. Kama hutaki kugusa paa, toboa ukuta wa tofali: kipande cha kulala kiinuke angalau sentimita 2 kwa kila mita kuelekea nje, na huko nje weka kiungo cha T chenye mfuniko chini wa kutolea masizi. Viwiko visizidi viwili.

5. Bomba litokeze sentimita 90 juu ya paa, na lizidi kwa sentimita 60 chochote kilicho ndani ya mita 3. Bati la kuzuia maji kuzunguka bomba: ukingo wa juu uingie chini ya bati la paa, wa chini ulale juu yake.

6. Jaribu kwa gazeti kwanza, madirisha yakiwa wazi. Moshi ukirudi, usiwashe kuni. Hewa ya monoksidi ya kaboni iliyomo kwenye moshi huua, nayo haina harufu.

Choma kuni kavu tu. Masizi yakifika unene wa milimita 3, piga brashi.