Somo: Namna ya kuisoma nyumba ya mawe ya Lamu, toka daka hadi ndani

Wageni wengi huupiga picha mlango uliochongwa, wakaenda zao. Mlango ni mzuri, sikatai, ila habari nyingi za nyumba zimo kwenye dari. Nazungumzia zile nyumba za karne ya 18, Lamu ilipokuwa na neema ya biashara. Ukitaka ya kujifunzia, mjini ipo moja iliyofanywa makumbusho.

1. Anzia dakani. Ni kijisebule cha nje chenye baraza za mawe pande mbili. Mwenye shughuli ya kawaida humaliza maneno yake hapo. Tazama pia juu ya kichochoro: ukiona chumba kilichovuka njia kutoka nyumba hii hadi ile, hilo ni wikio. Wanawake wa ukoo mmoja walitembeleana humo bila kushuka mtaani.

2. Pita tekani, ukumbi mdogo ulio nyuma ya mlango. Njia imepindishwa makusudi, mlango hata ukiwa wazi mpita njia asione mtu. Ukitoka hapo uko kiwandani, ua usio na paa. Mwanga na upepo wa nyumba nzima huingilia hapa.

3. Sasa inua macho. Dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti nzuri haizidi sana mita 3. Ndiyo maana chumba kinaweza kurefuka kama ushoroba lakini upana wake haupiti hapo. Pima kwa hatua zako: nne au tano, umegonga ukuta. Mkoko ndio uliompa fundi kipimo. Juu ya boriti hupangwa vipande vya mawe, kisha zege la chokaa lililopondwa likashikana.

4. Ingia ndani pole pole. Msana wa tini (ukumbi mrefu wa chini), msana wa yuu (ukumbi wa juu yake), kisha ndani kwenyewe, chumba cha faragha, na kila chumba sakafu yake imeinuka kidogo kuliko kilichotangulia. Kadiri unavyopanda, ndivyo unavyoingia kwenye siri ya familia. Huko mwisho ndiko kwenye zidaka, vishubaka vya ukutani, safu juu ya safu, kingo zake zimechorwa nakshi kwenye chokaa. Mimi husimama hapo muda mrefu kuliko popote.

Maswali ya wanachama

*Zidaka ziliwekwa nini?*
Sahani na bakuli za kaure kutoka Uchina, vitabu, vitu vya thamani. Taa ikiwashwa, kaure iling'aa katika chumba ambacho mchana hakipati jua.

*Ni kweli chooni walifuga samaki?*
Kweli. Birika la maji, yaani tangi la kujengwa, lilitiwa samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu. Ndani ya birika, sakafuni mwake, ilijengewa bakuli ya kaure, maji yakipungua samaki wapate pa kukaa.

*Nyumba za Mji Mkongwe, Unguja, si ndizo hizi hizi?*
Mawe na chokaa ni ndugu, ramani ni nyingine. Nyingi za Unguja ni za karne ya 19, zina mkono wa Oman na wa Wahindi: maduka yanatazama njia, na roshani za mbao juu. UNESCO iliutia Mji Mkongwe kwenye urithi wa dunia mwaka 2000, Lamu 2001.

*Shikamoo fundi. Ukuta wa bibi unatoka unga mweupe na kubanduka. Nimeambiwa nipige saruji.*
Marahaba mwanangu. Tafadhali usipige. Ukuta wa mawe ya matumbawe hunywa unyevu na kuutoa. Ule unga ni chumvi inayotoka pamoja na maji. Saruji huziba njia hiyo, maji yakabaki ndani yakila ukuta. Kwa shangazi yangu walipiga saruji, ukuta ukapendeza. Baada ya masika mawili ikafura kama mkate, nikaibandua kwa vidole, na nyuma yake chokaa ya zamani ilikuwa tope. Bandua iliyolegea, tafuta maji yanaingilia wapi (aghalabu ni paa), uache ukuta ukauke, kisha piga chokaa na mchanga, matabaka membamba. Kila tabaka lirashie maji lisikauke kwa haraka, na usilifunike kwa rangi ya mafuta.