Waliolingana kiasi: nani atangulie kwenye orodha?

Kwenye AVEC za Bukavu (vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana) hisa zina bei moja, na kila mwanachama hununua kati ya 1 na 5 kwa mkutano. Ndiyo maana ukipanga daftari la akiba kuanzia kiasi kikubwa, wengi hulingana. Furaha na Bahati wana faranga 25,000 kila mmoja: umeagiza programu ilinganishe kiasi tu, kwa hiyo nani atangulie hukusema.

Excel huwaacha waliolingana jinsi walivyokuwa kabla ya kupangwa. Kama jana mtu aliipanga orodha kwa jina na leo wewe unaipanga kwa kiasi, alama ya jana inabaki, na nakala mbili za daftari moja hazitafanana. Mpe kila mwanachama namba isiyojirudia na isiyobadilika. Jina halitoshi, kina Furaha ni wengi Kadutu, mtaa wa Bukavu. Kisha chagua jedwali lote, ingia kwenye menyu ya Données, kisha Trier: ngazi ya kwanza kiasi, kutoka kikubwa; bonyeza Ajouter un niveau, weka namba, kutoka ndogo. Ukichagua safu wima moja peke yake ukakubali ipangwe hivyo, akiba ya mtu itahamia kwa mwingine.

Hifadhidata ni hatari zaidi. PostgreSQL na MySQL, programu za hifadhidata, haziahidi chochote kuhusu waliolingana. Swali lilelile laweza kuleta mpangilio mwingine kesho. Ukisoma orodha kwa kurasa, LIMIT 20 (ishirini wa kwanza) kisha OFFSET 20 (ruka hao ishirini), Bahati anaweza kutokea mara mbili na Furaha asionekane kabisa. Andika:

ORDER BY kiasi DESC, namba

Kwenye pandas, maktaba ya Python ya kushughulikia majedwali, sort_values kwa safu wima moja haihifadhi mpangilio wa awali usipoweka kind="stable". Usijipime kwa mistari kumi: orodha fupi mara nyingi hutoka sawa, ndefu ndiyo huvurugika.

Namba huleta utulivu, haileti haki. Mkitaka kumi wa kwanza wapewe zawadi, na wa kumi amelingana na wa kumi na moja, LIMIT 10 itamwacha mmoja nje kwa sababu ya namba yake tu. Tangu toleo la 13, PostgreSQL inakubali FETCH FIRST 10 ROWS WITH TIES, yaani kumi wa kwanza pamoja na wote waliolingana na wa kumi. Hapo panga kwa kiasi peke yake, usiongeze namba, maana ukiiongeza hakuna tena waliolingana.